Majivu ya jikoni yanapoiharibu bustani: dalili, chanzo na marekebisho

Majivu ya kuni huingia bustanini kwa jina la mbolea, na makosa mengi huanzia hapo. Kitabia majivu ni chokaa yenye potasiamu ndani yake. Naitrojeni, inayoipa mboga ya majani rangi ya kijani na kuinenepesha, karibu yote huondoka na moshi kuni zinapowaka. Kinachobaki jikoni ni kalisiamu kwa wingi, potasiamu kama asilimia 3 hadi 7, fosforasi asilimia 1 au 2, magnesiamu kidogo na chembechembe za madini mengine. Ukiyakoroga majivu kwenye maji, pH yake (kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi) hufika 10 hadi 12. Kwa uzito uleule, nguvu yake ya kupunguza uchachu wa udongo ni takriban nusu ya chokaa ya kilimo, lakini hufanya kazi upesi zaidi kwa sababu ni laini na sehemu yake huyeyuka kwa mvua ya kwanza tu.

Ndiyo maana majivu yaleyale yanaweza kuistawisha bustani ya jirani na kuidhoofisha ya kwako. Kabla ya kuyalaumu, au kuyaongeza, uliza udongo wako uko upande gani.

Udongo wako ni mchachu au una magadi?

Udongo mwekundu wa nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama Njombe, Mufindi, Lushoto, Bukoba, Kericho na Kakamega, mara nyingi ni mchachu. Huko majivu yana kazi. Ardhi ya uwanda upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, pamoja na sehemu za mwambao wa Kenya zenye mawe ya matumbawe, tayari imejaa chokaa. Mbuga nyingi za udongo mweusi na maeneo makavu yenye maji ya chumvichumvi nayo huwa upande huo. Hapo kuweka majivu ni kumwongezea chumvi aliyekwisha kulalamika kwamba mchuzi una chumvi.

Kipimo cha kuaminika ni cha maabara. Chimba vishimo 8 hadi 10 ukipita bustanini kwa kupindapinda, chukua udongo hadi kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, toa nusu kilo na uianike kivulini. Tanzania unaweza kuulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kenya ulizia shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, Kabete.

Kwa karatasi za pH, changanya kipimo 1 cha udongo na vipimo 2 na nusu vya maji, koroga, acha dakika 30, kisha chovya karatasi kwenye maji yaliyotuama juu. Maji yawe ya mvua au yale ya betri yaliyosafishwa (si asidi ya betri, angalia chupa vizuri). Maji ya kisima kirefu yanaweza kuwa na pH ya juu yenyewe, ukajikuta unapima kisima badala ya udongo.

Kuna kipimo cha siki: ukiimwagia udongo mkavu ukaona povu, udongo una chokaa. Ni kweli, ila kwenye tuta lililowekwa majivu karibuni povu linaweza kutoka kwa majivu yenyewe. Chukua udongo wa kando, ambao haujaguswa, ulinganishe.

Majibu yasomwe hivi. Chini ya 5.5, majivu yatasaidia. Kati ya 5.5 na 6.5, weka kidogo na uchague mazao. Juu ya 6.5, acha. Juu ya 7, hata konzi moja ni hasara.

Majani machanga yamekuwa njano, mishipa imebaki ya kijani

Hii ndiyo dalili ya majivu kupita kiasi inayoonekana zaidi. Huanzia kwenye majani mapya ya juu: katikati ya mishipa panafifia, mishipa inabaki imechorwa kijani kama ramani. Ikizidi, jani zima huwa la manjano-meupe na kingo hukauka. Maharage, kunde, nyanya, hoho na michungwa huonyesha mapema.

Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila mmea haukifikii. pH ikipanda kupita 7, chuma, manganizi na zinki hujifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kuinywa. Kwa hiyo kuzika misumari yenye kutu kwenye shina, kama wengine wanavyoshauri, hakusaidii: kutu nayo ni chuma kilichojifunga.

Kwanza ondoa watuhumiwa wengine. Fukua mmea mmoja uangalie mizizi. Ikiwa ya kahawia na laini, au udongo unanuka kwa maji yaliyotuama, tatizo ni maji. Ikiwa na vinundu vigumu visivyobanduka kwa kucha, hao ni minyoo fundo (usiwachanganye na vinundu vya kawaida vya kunde na maharage, ambavyo hubanduka kirahisi na ndani vina wekundu). Mizizi ikiwa mizima na pH ikasoma juu ya 7, umepata chanzo.

Marekebisho hutegemea haraka uliyo nayo. Mazao yaliyopo shambani yaokolewe kwa kupuliziwa majani mbolea ya maji yenye chuma, manganizi na zinki, jioni, kwa kipimo cha kwenye lebo. Ni tiba ya dalili. Majani yatakayochipuka baadaye yatahitaji tena. Udongo wenyewe utibiwe polepole: acha majivu kabisa, changanya mboji iliyoiva ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 2 za mraba, na mbolea ya kukuzia iwe SA (salfeti ya amonia) badala ya CAN (naitreti ya amonia yenye kalisiamu), kwa kuwa SA hupunguza pH kidogo kila inapotumika.

Kama pH imefika 7.5 na unataka kuirudisha 6.5, salfa ya unga hufanya kazi hiyo. Ni ileile inayofahamika sana kwa wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi kwa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Udongo wa kichanga huhitaji gramu 50 hadi 60 kwa mita ya mraba, tifutifu gramu 90, mfinyanzi gramu 110. Ichanganye na udongo wa juu, udumishe unyevu na usubiri miezi kadhaa, maana bakteria ndio wanaoigeuza kuwa asidi, na kwenye udongo mkavu hawafanyi kazi. Kwenye ardhi ya matumbawe usijisumbue: chokaa iliyomo itaimeza salfa yote na pH isisogee. Huko lima kwenye matuta ya kuinua yaliyojazwa mboji, au chagua mazao yanayovumilia.

Majani ya chini ndiyo yamekuwa njano, mmea umedumaa

Njano ikianzia chini, ikalifunika jani zima pamoja na mishipa, huo ni upungufu wa naitrojeni. Majivu hayajaidhuru mboga hii. Kosa ni kwamba hayana kitu inachokitafuta. Mchicha, sukuma wiki na chainizi hulalamika mapema kuliko mazao mengine. Weka samadi iliyoiva, au CAN gramu 10 hadi 15 kwa mita ya mraba, ifukie na umwagilie. Majani mapya yanatakiwa kuchangamka ndani ya wiki moja au mbili.

Kama uliwahi kuweka urea, SA au DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi) na dalili bado ipo, uliza: iliwekwa siku ngapi kabla au baada ya majivu? Mbolea hizi zikikutana na majivu, naitrojeni yake hugeuka amonia na kupaa hewani. Ile harufu kali kama ya mkojo uliolala, inayotoka tutani baada ya kumwagilia, ni hela yako inaondoka. CAN nayo imo kwenye hatari hiyo, na vilevile samadi mbichi na kinyesi cha kuku. Tenganisha majivu na mbolea za aina hii kwa wiki 3 au 4, na usizichanganye kamwe kwenye ndoo moja. TSP, mbolea ya fosforasi, nayo isikutane na majivu: kalisiamu huishika fosforasi na kuifanya ngumu kuyeyuka.

Lundo la mboji lenye harufu hiyohiyo lina ugonjwa uleule. Konzi moja au mbili za majivu kwa kila tabaka la sentimita 15 hadi 20 zinatosha. Yakizidi, amonia hupotea, na minyoo ya ardhini huhama. Ukishaharibu, pindua lundo na ongeza majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa au maranda ya mbao, unyeshee kiasi, uliache. Usiongeze samadi mbichi ukidhani unafidia.

Mbegu hazioti, au miche imeungua siku chache baada ya kuhamishwa

Angalia uso wa udongo. Ukiona utando wa kijivu uliogandamana kama sementi nyepesi, majivu yaliachwa juu bila kuchanganywa, mvua ikayashindilia. Chipukizi la mchicha au karoti halina nguvu ya kulipasua ganda hilo. Livunje taratibu kwa reki, lichanganye na udongo wa chini na upande upya.

Kama hakuna ganda lakini ncha za majani zimekauka na mizizi ina ncha nyeusi, ni chumvi. Potasiamu ya majivu huyeyuka haraka, na mizizi michanga haivumilii. Majivu ya maganda ya ndizi ni makali zaidi hapa kuliko ya kuni za kawaida, kwa sababu yana potasiamu nyingi mno. Si bure kwamba ndiyo yaliyopendwa kutengenezea sabuni. Mwagilia maji mengi mara mbili au tatu, ukiacha yachuje kila mara, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Hii inawezekana tu kama maji yanapenya. Kwenye mfinyanzi usiopitisha utaizamisha miche bure.

Msimu ujao weka majivu wiki 3 kabla ya kupanda. Kwenye kitalu cha miche usiweke kabisa.

Mashimo na madoa yaliyoungua kwenye majani

Majivu yaliyonyunyizwa juu ya majani yenye umande hugeuka magadi palepale. Doa huanza kama limelowa, kisha hukauka rangi ya karatasi. Hutokea sana kwa wanaofukuza wadudu. Mduara wa majivu kuzunguka shina la kabichi huweza kumzuia sota (kiwavi anayekata miche) kwa muda, mradi ni mkavu na haugusi shina. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha. Mahindi yanayotiwa majivu katikati ya majani machanga ya juu dhidi ya viwavijeshi vamizi mara nyingine huoza moyo kwa sababu mtu alijaza konzi nzima. Kama lazima ufanye, iwe mbano wa vidole vitatu, kwenye mmea mkavu, na ujue kwamba si dawa ya uhakika. Majani yaliyoungua hayaponi. Yaoshe kwa maji safi siku hiyohiyo, basi.

Viazi vimetoka na magamba

Viazi mviringo vyenye vidonda vikavu kama gome, lakini ndani ni vizima na vinalika: huo ni ukurutu unaoletwa na bakteria wa udongoni, na bakteria huyo hustawi pH ikipanda juu ya 5.5. Majivu ndiyo yaliyomkaribisha, pengine pamoja na ukavu wakati viazi vilipokuwa vinaanza kutunga. Kwenye sehemu ya viazi usiweke majivu msimu huo wala ule uliotangulia. Mananasi na chai navyo vinapenda uchachu, kwa hiyo majivu yakae mbali navyo. Mihogo na viazi vitamu huvumilia uchachu wa wastani na kwa kawaida havihitaji majivu.

Nyanya zinaoza kitako ingawa majivu yamewekwa

Watu husikia kwamba kitako cha nyanya huoza kwa kukosa kalisiamu, wakakumbuka kwamba majivu yana kalisiamu, wakamwaga. Tatizo mara nyingi si udongo kukosa kalisiamu, ni tunda kukosa. Kalisiamu husafiri na maji, na mmea unaomwagiliwa leo ukasahauliwa siku nne hauwezi kuifikisha kwenye kitako cha tunda. Majivu mengi yanaweza hata kuzidisha kero, kwa sababu potasiamu hushindana na kalisiamu na magnesiamu mizizini.

Weka matandazo ya nyasi kavu sentimita 5, mwagilia kwa ratiba isiyoyumba, punguza mbolea ya naitrojeni, vuna na kutupa matunda yaliyoharibika. Matunda yanayofuata ndiyo yatakayokuambia kama umepatia. Ukiona majani ya zamani yanakuwa njano katikati ya mishipa huku ya juu ni mazuri, hapo magnesiamu ndiyo imezidiwa na potasiamu, na chumvi ya magnesiamu salfeti kijiko 1 cha chakula kwa lita 4 za maji, ikipulizwa kwenye majani mara mbili kwa wiki mbili, hurekebisha.

Yamewekwa majivu, hakuna kilichobadilika

Kuna vyanzo vinne ambavyo kwa kawaida ndivyo. Cha kwanza ni majivu yaliyonyeshewa. Lundo la nje ya jiko lililokaa masika yote limeshapoteza sehemu kubwa ya potasiamu. Limebaki na chokaa tu. Kuanzia sasa yatunze kwenye debe lenye mfuniko.

Cha pili ni aina ya majivu. Majivu ya pumba za mpunga, yanayopatikana kwa wingi kwenye mashine za Mbeya, Kahama na Mwea, karibu yote ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Hulegeza udongo mzito, lakini hayataupunguzia uchachu kwa kiwango cha kujivunia. Majivu ya mkaa wa kutengeneza wenye udongo wa mfinyanzi ndani yake nayo ni dhaifu, maana nusu unayomwaga inaweza kuwa udongo uliochomwa.

Cha tatu ni kipimo kidogo mno kwa udongo mzito. Mfinyanzi mwekundu wenye pH 4.8 una akiba kubwa ya uchachu. Konzi tatu kwenye tuta zima zinamezwa bila alama. Udongo huo una pia alumini inayofupisha mizizi ikawa minene na butu, na unaishika fosforasi. Bila kupandisha pH hadi 5.5 hivi, hata DAP utakayoweka itazaa nusu.

Cha nne ni kina. Majivu yaliyobaki juu yanabadilisha sentimita 2 za juu tu.

Kipimo na namna ya kuweka

Kwa udongo mchachu wa kawaida: gramu 100 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Tuta la mita 1 kwa 10 linachukua kilo 1. Kwa pH chini ya 5.5 unaweza kufika gramu 200, zikigawanywa mara mbili katika misimu miwili, ukipima pH katikati. Lita moja ya majivu yaliyochekechwa huwa karibu nusu kilo, ila hutofautiana. Pima kopo lako kwenye mizani ya dukani mara moja, uweke alama, usihangaike tena.

Chekecha kwa wavu wa mbu ili kutoa misumari na vipande vya mkaa. (Mkaa wenyewe hauna madhara, usage uweke kwenye mboji.) Chagua siku isiyo na upepo, simama upande upepo unakotoka, funika pua na macho, vaa glavu, kwa kuwa majivu yenye jasho huchubua ngozi. Tawanya kwenye udongo wenye unyevu, si uliolowa chapachapa, na uchanganye kwa jembe au reki hadi sentimita 10 au 15 siku hiyohiyo. Kwa migomba kwenye udongo mchachu, gramu 200 hadi 300 kwa shina, zikitawanywa duara la umbali wa sentimita 30 hadi 60, mara moja kwa mwaka. Usiyarundike kwenye tako la mgomba.

Bustani za magunia na ndoo ndizo zinazoharibika haraka zaidi, kwa sababu udongo ni mchache na mkono wa mwenye nyumba hauoni tofauti. Kipimo kilekile cha shambani kikihesabiwa kwa ndoo ya lita 20 ya udongo ni vijiko 1 hadi 2 vya chakula, vya kufuta, wakati wa kuchanganya udongo. Baada ya hapo usirudie mpaka ubadilishe udongo. Gunia lililozidishiwa lichujwe kwa maji mengi yatoke chini, na kama pH haishuki, mwaga udongo huo uchanganye na wa bustani kubwa.

Majivu ya kutupa

Majivu ya takataka zenye plastiki, mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi, nguzo zilizotiwa dawa na makaa ya mawe hayana kipimo salama. Kuna madini ya risasi, arseniki, kromiamu na vingine ambavyo haviozi wala kuondoka, na mboga za majani huweza kuvipandisha hadi sahanini. Kama yameshawekwa na hayajachanganywa, koboa sentimita 5 za juu uondoe. Kama yameshachanganywa, geuza sehemu hiyo kuwa ya maua.

Majivu ya jana usiyatie kwenye ndoo ya plastiki hata kama yamepoa mkononi. Kaa dogo lililofunikwa na majivu hukaa siku tatu au nne likiwa hai, na mboji kavu pembeni yake haihitaji zaidi ya hilo kuwaka.